Baba Nyoka, Baba Farasi

Jumapili, 1 Februari

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote: namwombea baba yangu mzazi abaki ndani ya shimo la lifti mpaka astaafu.

Haya. Nimeandika. Radi haijapiga.

Leo kwenye mkahawa wa chai Baba kaweka vijiti vyake vya kulia mezani, katangaza. Anaacha ufundi wa lifti. Miaka ishirini na mitatu ya kutambaa kwenye mashimo ya majengo ya watu, magoti yamekwisha. Anataka kuuza tambi kwa supu ya nyama. Mahali kashapata. Bi. Au, muuza madaftari, anafunga duka lake na yuko tayari kumwachia Baba, ila anataka jibu kabla ya mwaka wetu mpya wa Kichina, tarehe kumi na saba.

Duka la Bi. Au! Linatazamana na geti la shule yangu. Hatua kumi na moja. Nimezipima.

Tena hataajiri mtu. Eti kuita namba za wateja kwa kipaza sauti ni kazi ya familia. Akanitazama mimi.

Mimi nimesomeshwa kwa lugha mbili, Kichina na Kiingereza, na nanyamaza kwa zote mbili. Dukani nanyoosha kidole. Mwaka jana mpishi wa shule alinipa samaki muhula mzima kwa sababu sikuweza kumwambia niliomba kuku.

Binamu yangu Ka-po, ambaye hajanyamaza tangu azaliwe, akajitolea papo hapo. Akasema yeye ataita, maana Ning ataita namba kwa mikono kama trafiki. Meza nzima ikacheka. Mpaka mhudumu.

Bibi peke yake hakucheka. Akasema katika ukoo huu haachi mtu kazi kabla nyota zake hazijasomwa. Jumapili ijayo, kwa Bwana Szeto. Nampenda sana Bibi.

Jumanne, 3 Februari

Maktaba ya shule, mapumziko ya mchana. Nimegundua kitu.

Baba kazaliwa tarehe 5 Februari 1978. Kwetu kila mwaka una mnyama wake, na nyumbani tunasema Baba ni Nyoka, kwa kuwa sikukuu ya mwaka mpya ilifika siku mbili baadaye, na ndipo Farasi akaingia. Kitabu cha Kiingereza kinakubali. Lakini kitabu cha Kichina kinasema wasoma nyota hawahesabu kwa sikukuu. Mwaka wao hugeuka siku ya Mwanzo wa Machipuko, na mwaka ule ilikuwa tarehe 4.

Kwa hiyo kwa Kiingereza baba yangu ni Nyoka, kwa Kichina ni Farasi!

Na mwaka unaoingia ni wa nani? Wa Farasi. Mtu akifikiwa na mwaka wa mnyama wake, ni kama kamkanyaga mungu wa mwaka kidole cha mguu. Atulie. Avae nyekundu. Asihame. Asibadilishe kazi. Mwaka mzima! Utakapokwisha, duka la Bi. Au litakuwa la mtu mwingine.

Mimi ni mtu hatari sana.

Jumatano, 4 Februari

Tatizo: lazima mtu aseme. Mtu huyo asiwe mimi.

Mpango wa kwanza. Nimefungua kitabu chetu cha kuchagulia siku njema kwenye ukurasa wenyewe, nikapiga mstari mwekundu, nikakiweka kwenye kiti cha Bibi. Bibi kakikalia saa nzima, anatazama tamthilia.

Mpango wa pili. Kikaratasi chenye jina la Baba. "Keung ni Farasi. Asiguse kazi." Nikakitia chini ya chungwa, kwenye meza ya sadaka ya marehemu Babu.

Bibi kakiona. Katoa machozi kidogo. Kisha kasema ajabu, marehemu hakujua kuandika hata jina lake.

Nilisahau!

Bibi akafikiri sana. Akasema kumbe huko waliko kuna shule. Akavaa viatu, akaenda kununua kalamu na madaftari ya karatasi, yale ya kuwachomea wafu. Kayachoma yote. Asije akakatiza masomo, kasema.

Ijumaa, 6 Februari

Imefanya kazi. Bibi kamnunulia Baba chupi saba nyekundu na soksi jozi saba nyekundu. Mama, ambaye ni muuguzi, kasema yeye haamini nyota, ila chupi mpya hazijawahi kumuua mgonjwa. Baba kavaa. Kazini kavua buti, wenzake wakampigia vigelegele. Nyekundu kwetu ni ya harusi, basi sasa wanamwita Bwana Harusi.

Wakati wa chakula akasema taratibu kwamba basi, labda mwakani. Hakumwambia mtu maalumu. Aliiambia meza. Halafu akajipaka dawa magotini, nyumba nzima ikanuka. Kwenye friji kuna sufuria yake ya supu ya majaribio, ya kumi na nne. Kasema tuimalize tu.

Nilisikia kitu kifuani, ukubwa wa punje ya njegere. Nikala bakuli mbili. Kikapita.

Supu ni tamu. Hilo silikatai.

Jumapili, 8 Februari

Kwa Bwana Szeto, ghorofani juu ya duka la miavuli. Nilitarajia kanzu na ndevu. Kavaa jezi ya mpira.

Kapiga hesabu. Kasema Farasi, hakuna ubishi. Masikio yangu yakashangilia. Kasema mwaka mgumu. Yakashangilia tena.

Kisha akanywa chai. Akasema ila dawa ipo, inajulikana na kila mtu: furaha moja huzuia maafa matatu. Aliyefikiwa na mwaka wake akioa, akipata mtoto au akifungua duka, mungu wa mwaka hupita mlango ule bila kubisha. Baba akasema kuoa ameshaoa. Mama akasema na kwenye mtoto asimtazame yeye. Basi duka, akasema Bwana Szeto. Tena upesi. Farasi akiambiwa asimame, magoti ndiyo huoza kwanza.

Hakuna aliyemwambia habari za magoti! Baba akayashika yote mawili. Macho yake yalikuwa kama ya mtoto aliyeambiwa shule imefungwa.

Nikajifariji. Si Ka-po ataita namba? Mzee akauliza mnyama wa kila mtu wa nyumbani. Bibi akaanza na Ka-po: Ng'ombe. Mzee akaruka kitini. Ng'ombe humdhuru Farasi! Asionekane mlangoni, akae nyuma aoshe bakuli. Na huyu mwembamba? Bibi akajibu kwa fahari kwamba huyu ni Chui milia. Mzee akapiga meza. Rafiki wa damu wa Farasi! Asimame mbele, mdomo wazi, ngurumo isikike ng'ambo ya barabara.

Ng'ambo ya barabara ni shule yangu.

Alhamisi, 12 Februari

Maktaba tena. Nilitaka kujua tu. Bora nisingejua.

Baba angebaki Nyoka: Ng'ombe ni rafiki mkubwa wa Nyoka. Ka-po angesimama mlangoni. Na Chui milia humdhuru Nyoka. Ningekatazwa hata kulisogelea duka! Ningepigwa marufuku na nyota zenyewe, milele, bila kufanya lolote. Nimejipalia makaa, na karatasi ya kuyawashia nimeiandika mwenyewe.

Kikaratasi cha pili, chini ya chungwa. "Nilikosea. Keung ni Nyoka."

Bibi kavaa miwani. Kasema hata alipokuwa hai marehemu alikuwa hivyo hivyo, ataka uji, ukiiva ataka wali. Neno la kwanza ndilo neno. Kisha kasema mwandiko wa Babu unafanana na wangu, unavyobanana mwisho wa mstari. Akanitazama kitambo. Nikasema ni damu. Akasema naam, ni damu, akaenda zake anakohoa, mabega yanacheza. Kikohozi kibaya. Lakini nimepona!

Baba katia saini kwa Bi. Au leo. Barua ya kuacha kazi kaipeleka mwenyewe, amevaa soksi nyekundu.

Ka-po kanitumia ujumbe: "Tarehe 24 ni ngurumo, dada. Anza kunywa asali."

Jumanne, 24 Februari

Siku ya nane ya mwaka mpya, siku njema ya kufungua biashara. Shule nayo imefunguliwa leo. Nani kapanga hivi?

Mapumziko ya mchana, Kidato cha Nne chote kwenye foleni. Namba moja: hakusikia mtu. Baba akachungulia kutoka jikoni, akauliza Chui wake ana mafua? Namba mbili: mbwa mmoja aligeuka. Namba saba nilifumba macho, na ikatoka. Yote! Mlinzi wa geti alisimama wima. Mvulana wa darasa letu akasema kumbe Ning anaongea, wao walijua ni mgonjwa wa koo. Akala. Akarudi kwenye foleni.

Bakuli sitini zimekwisha kabla ya saa nane. Ka-po kaziosha zote, kanuna, povu mpaka kwenye nyusi. Baba miwani imejaa mvuke, haoni kitu, anaimba. Siku zote nimemjua akirudi na grisi masikioni. Leo yana vipande vya kitunguu. Tangu turudi hajaulizia dawa ya magoti.

Nilikaribia kufurahi. Mtu angenibana, ningekiri.

Lakini eti kesho tena! Na keshokutwa. Na Jumamosi mara mbili, mchana na jioni. Haiwezekani.

Nimewaza. Babu sasa kasoma wiki tatu. Anaweza barua ndefu. Nimeshaanza: "Mke wangu mpenzi, huku tumefundishwa kwamba Chui milia akinguruma kila siku, supu hukauka. Akae nyuma ya pazia, aandike namba ubaoni." Safari hii natumia mkono wa kushoto. Hata mimi mwenyewe siutambui mwandiko. Hakuna namna Bibi

Kandambili. Zinakuja huku, na kikohozi kile. Naingiza ukurasa chini ya godoro