Malalamiko Dhidi ya Fundi Aliyenisikiliza

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Mafundi Redio za Magari.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: FUNDI KUMTII MTEJA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa, na hujashika kitu kinachovunjika. Mimi ni mwandishi wa kumbukumbu za mikutano katika ofisi moja hapa mjini. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yangu imekuwa kuwasikiliza wakubwa na kuandika walichosema. Nalitaja hili mapema usije ukadhani unaandikiwa na mtu asiyejua kusikiliza.

Ninamlalamikia mwanachama wako mmoja mwenye kibanda cha bati nyuma ya kituo cha mafuta, ambaye watu wote humwita Koleo. Jumanne iliyopita nilimpelekea gari anifungie redio mpya, yenye kioo kikubwa na taa zinazocheza. Sababu ilikuwa nzito. Mke wangu ni mpimaji wa usikivu katika kliniki ya masikio, na alikuwa amealikwa kuzungumza redioni Alhamisi, mara ya kwanza maishani mwake. Aliniomba jambo moja tu, nimsikilize. Nikaahidi kumsikiliza kwa chombo kinacholingana na heshima yake.

Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Koleo haoni haya kutojua. Alipotoa redio ya zamani alikuna kichwa, akasema mbele ya wateja wawili, "Mzee, gari hili lina amplifaya yake ya kiwandani ya kukuza sauti, imelala huku chini ya kiti. Redio ya zamani ndiyo ilikuwa inaiamsha. Hii mpya sina hakika itaiamshaje, ngoja nimpigie mwenzangu nimuulize." Ndugu Mwenyekiti, nimefanya kazi na wakurugenzi wanne na sijamsikia hata mmoja akisema hana hakika. Eti kuuliza si ujinga. Kama si ujinga, mbona wakubwa hawaulizi?

2. Waliotengeneza gari nao wana lao. Nimekikalia kiti hicho miaka sita bila kuarifiwa kwamba kuna kitu kinalala chini yangu na kuamka kabla yangu.

3. Sasa kosa lenyewe. Katika fungu la nyaya za redio mpya kulikuwa na waya wa bluu wenye mstari mweupe, na karatasi ya maelezo iliutaja kwa neno ambalo kila aliyepita shule analijua: rimoti. Koleo akaniuliza, kwa kuwa mimi nimesoma, maana yake nini. Nikamweleza taratibu kwamba rimoti ni kile kidude cha mkononi cha kubadilishia stesheni; kwamba redio iko nusu mita kutoka tumboni mwangu na mikono ninayo; na kwamba kwa hiyo waya huo umewekwa kwa ajili ya wavivu. Nikamwambia aukate. Akasita. Akasema labda rimoti hii siyo rimoti ile. Nikamuuliza kati yangu na yeye ni nani anayekula kwa kalamu. Basi akaukata, akauzungushia utepe mweusi.

Hilo ndilo ninalolalamikia, Ndugu Mwenyekiti. Aliukata! Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Koleo alisikia la mkuu, na guu lililovunjika ni langu. Fundi anayemsikiliza mteja ni mtu wa hatari, kwa sababu mteja hajui kitu. Angekuwa anajua, angefunga redio yake mwenyewe nyumbani.

4. Alipomaliza alitaka tujaribu sauti. Nikamwambia taa zimewaka, inatosha, na kwamba sauti ya kwanza kutoka kwenye redio hiyo itakuwa ya mke wangu na si ya tangazo la sabuni. Akakubali tena. Mtu anayekubali mara mbili katika asubuhi moja hana msimamo.

5. Alhamisi niliegesha gari mbele ya geti la stesheni. Kiti cha nyuma walikaa baba mkwe na mama mkwe, wamevaa kama watu wanaokwenda kuoza binti. Saa tano kamili nikawasha. Kioo kikawaka rangi tano. Taa zikapanda na kushuka. Sauti, hakuna! Nikazungusha kitufe hadi mwisho, taa zikapanda zaidi. Baba mkwe akasema, "Anaongea kweli, tazama taa." Mama mkwe akasema simu yake ina redio. Nikamshukuru, nikakataa, kwa kuwa mtu hafungi kioo kikubwa vile halafu akasikilize simu ya mkwewe. Akajibu kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Nilidhani anaisema redio. Kwa dakika arobaini tulimtazama mke wangu akipanda na kushuka kwa rangi ya kijani.

Kipindi kikaisha. Tukasubiri nusu saa. Mwishowe alitokea pembeni ya ukuta, kwa miguu, jasho linamtoka, viatu mkononi. Akainama dirishani akaniuliza, "Umenisikia?" Ningejibu nini mbele ya wakwe? Nikasema, "Kila neno." Akauliza, "Hadi mwisho?" Nikasema mwisho ndio ulionigusa zaidi. Baba mkwe akakohoa njia nzima.

6. Ijumaa Koleo alinipigia simu kunieleza kwamba mwenzake amemfumbulia fumbo: waya wa rimoti ndio wa kuamshia amplifaya, na bila huo redio huwaka tu kama pambo. Akasema nimpelekee gari auunganishe bure. Nikamkatia simu. Mtu hawezi kukuharibia nyumba kisha akajitia kukusaidia.

7. Maana nyumba imeharibika. Mke wangu hasemi nami. Anaweka chakula mezani anaondoka, na kazini anakwenda kwa basi, gari likiwa limesimama uani na mimi nimesimama karibu nalo na ufunguo mkononi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nausubiri mshindo huo tangu Alhamisi. Naogopa, Ndugu Mwenyekiti. Sijawahi kuogopa hivi hata mbele ya mkurugenzi wa tatu.

Kwa hiyo naomba:

(a) Kila fundi aape kutomtii mteja. Mteja akisema kata, fundi aunge. Akisema unga, fundi akanywe chai.

(b) Mteja aliyesoma asiruhusiwe kukaribia kibanda kwa umbali wa hatua hamsini, na akikaribia apewe gazeti asahihishe.

(c) Ofisi yako imwandikie mke wangu barua yenye muhuri, kuthibitisha kwamba nilisikia kila neno, isipokuwa yale yaliyotamkwa kwa sauti.

(d) Koleo afike nyumbani kwangu aombe radhi kwa niaba yangu. Mimi ningeomba mwenyewe, lakini sina uzoefu.

Wasalimie wajumbe wa kamati yako, wake kwa waume, na wote waliokaa kwenye mabenchi ya vibanda wakisubiri magari yao. Koleo usimsalimie.

Nabaki mteja wako mtiifu, ingawa utii siupendekezi,

Mwandishi wa Kumbukumbu

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha Koleo alipofika ofisini bila kuitwa, gari likiwa nje. Ameunga ule waya kwa dakika mbili, amplifaya ikaamka, na stesheni ilikuwa inarudia kipindi cha Alhamisi. Nimemsikia mke wangu. Anaongea vizuri, hana haraka. Amesema dalili ya kwanza ya mtu asiyesikia ni kukubali kila anachoambiwa, kwa sababu kusema "sikukusikia" kunamtia aibu. Nikamtazama Koleo, naye akatazama bisibisi yake. Halafu mtangazaji akamuuliza mke wangu kama ana neno la mwisho, naye akacheka, akasema: "Mume wangu yuko nje kwenye gari, ananisikiliza. Baba watoto, wameniambia nitokee geti la nyuma. Njoo unichukue huko, nakusubiri."

Koleo hana kosa. Barua naituma kwa kuwa nimekwisha kuigonga muhuri, lakini usiifanyie kazi. Mistari hii naiandika ndani ya gari, geti la nyuma la kliniki. Mke wangu hutokea hapa saa kumi. Sasa ni saa nane, na redio nimeizima.