Kirukajani Wangu Asiye na Mabawa

Jumatatu, 9 Juni

Hili sijamwambia mtu, hata dada ninayelala naye chumba kimoja: nimegundua mdudu ambaye dunia haimjui! Anaishi kwenye bamia za mama, nyuma ya jiko. Mdogo kama punje ya mchele. Kijani. Kichwa kipana, vidoa viwili vyeusi utosini. Kitabu cha maktaba kinaitaja jamaa yake kwa lugha ya shule. Mimi nawaita virukajani, maana ukimgusa tu, hayupo. Mguu wa nyuma una safu ya miiba kama kitana. Nimehakikisha kwa lenzi. Na sasa, tulia moyo wangu: HANA MABAWA! Kitabu kinasema wenzake wana mabawa yaliyofunika mgongo kama paa la nyumba. Wangu mgongo wazi. Spishi mpya!

Alhamisi mtaalamu wa wadudu kutoka chuo kikuu anakuja darasani kwetu. Mwenye kitu ataonyesha. Mwalimu wa biolojia amenifundisha tangu mwaka jana na bado ananiita "wewe wa dirishani". Alhamisi atalijua jina langu. Akilisahau atalisoma kitabuni, kwa kuwa mdudu ataitwa kwa jina langu.

Jumanne, 10 Juni

Balaa! Kipaza ameiona chupa niliyomfungia mdudu wangu. Kipaza ni yule wa darasani kwetu ambaye akinong'ona, mwalimu mkuu anasikia. Akanibana kwenye ngazi: "We kimyakimya, umeficha nini hapo? Nigawie bwana, betri yangu ya limau ya kuonyesha Alhamisi imeoza." Nikasema ni jamu. Akauliza ni jamu gani inaruka.

Mpango ukanijia katikati ya hisabati. Kwenye bamia zilezile kuna wengine, wenye mabawa. Wale wa kawaida, wamejaa tele. Nitampa hao! Yeye ataonyesha takataka, mimi nitaonyesha maajabu. Nikacheka peke yangu mpaka mwalimu akauliza kama naumwa.

Jumatano, 11 Juni

Nimemkabidhi Kipaza chupa ya takataka. Akafurahi mno. Akasema kumbe mimi ni mtu mzuri, akanigawia nusu ya mkate wake. Nikajisikia vibaya. Mkate ukaisha, hisia nayo ikaisha. Akauliza nimewatoa wapi. Nikajibu, "Huko."

Jioni, mazoezi ya hotuba mbele ya kabati la nguo. Hotuba yenyewe ni maneno mawili: "Nimempata mimi." Nikarudia na kurudia. Kabati likaridhika. Ghafla dada nyuma yangu: "Eti umempata nani, wewe mtoto?" Nikajifanya napanga nguo. Sasa nyumba nzima inaamini nina mchumba, na mama ananiangalia kwa jicho la pembeni.

Alhamisi, 12 Juni

Masikio bado yanawaka moto.

Mtaalamu ni mama mfupi, lenzi inaning'inia shingoni. Alimtazama mdudu wangu, akatabasamu. Kwa huruma! Akasema huyu ni tunutu, yaani mtoto, mabawa hayajaota. Akaeleza kwamba mtoto hawezi kumwambia ni spishi gani. Virukajani hupambanuliwa kwa dume mzima.

Kisha akafungua chupa ya Kipaza. Akavua miwani, akaivaa tena. Akamweka mmoja chini ya darubini, akaipasua ncha ya tumbo kwa sindano, akapiga kelele kama mtoto aliyeona zawadi. Alisema hajapata kuona kiungo cha uzazi cha dume chenye umbo lile, matawi mawili yamepinda kama pembe za swala!

Kiungo cha uzazi. Mbele ya darasa zima. Kwa lugha ya shule neno hilo naliandika kwenye mtihani bila kupepesa jicho. Yeye akalisema kwa lugha ya nyumbani, tena kwa sauti! Darasa likalipuka. Nikatamani dawati linimeze.

Akasema huenda ni spishi mpya kabisa, ila lazima ajue alikuwa kwenye mmea gani. Nani amemkamata? Kipaza angeweza kujitaja. Hakujitaja, mwehu yule! Akaninyooshea kidole: "Ni huyu hapa! Mimi nimepewa tu."

Vichwa vyote vikageuka. Mwalimu wa biolojia akasema, "Kumbe! Wewe wa... wewe... hivi unaitwa nani vile?"

Swali nililolingoja mwaka mzima! Hapohapo mtaalamu akaniita mbele, kwa upole kabisa, nikichungulie kile kiungo na mimi.

Nikasema, "Si mimi. Mimi ni yule wa tunutu."

Jumamosi, 14 Juni

Nimetafakari na kosa langu nimelielewa: sikupanga vya kutosha.

Mtaalamu anarudi Jumatatu kuutafuta mmea. Mtu mwingine angemwendea tu akamwambia, bamia za mama. Mtu mwingine hana akili yangu! Nimekamata wenye mabawa kibao, nimewatia kwenye kopo la poda la dada. (Poda nimemwaga. Ilibaki kidogo tu. Nusu.) Jumatatu asubuhi nitawapandisha kwenye waridi la mbele ya maabara. Kisha nitapita pale kama kwa bahati, nitashtuka, na mtaalamu atauliza mwenyewe: ni nani huyu msichana mwenye jicho kali? Kushtuka nimeshafanyia mazoezi. Hakuna kinachoweza kuharibika!

Kifuniko nimekitoboa ili wapumue. Nahisi nimetoboa kwa misumari minene mno. Mmoja yuko kwenye shuka la dada. Wanne. Ukuta mzima!

Dada anatoka kuoga, anamuuliza mama nani kachukua poda yake. Ndara zake hizo, zinakuja. Kopo nimelikalia. Ukurasa huu unaingia chini ya godo