Gladys Hataki Kunyanyuka

Jumatatu, 29 Julai

Gladys hataki kunyanyuka. Siku ya nne leo! Amejitandaza kwenye kiota kama unga ulioumuka, macho makavu, hasikii la mtu. Nilipopeleka mkono akanidonoa. Bernice naye kaanza. Chini yao hakuna hata yai moja. Wanaatamia maranda.

Na wakati wenyewe ndio huu! Maonyesho ya kaunti ni Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe nane. Mayai kumi na mawili ya kahawia, yanayolingana kwa ukubwa na rangi, ya kuku wako mwenyewe, yasiyozidi siku kumi. Nina kuku saba. Wawili wanaatamia. Dolores bado ni tembe, tulimnunua kifaranga majira ya kuchipua na hajataga hata mara moja. Wanabaki wanne, na kwa joto hili wanataga wakijisikia.

Miaka mitatu mfululizo nimepata utepe mwekundu, yaani wa pili. Mwaka huu nilishatangaza kanisani, kwenye ukumbi wa chini wakati wa kahawa, kwamba wa buluu, ule wa kwanza, ni wangu. Mchungaji alinisikia. Hapa Minnesota mtu hajisifu namna ile. Nikishindwa, itabidi mimi na mke wangu Marlys tuhamie jimbo la jirani, Wisconsin.

Sasa najiuliza, kwa nini waatamie wiki hii na si nyingine? Jumamosi Lamar Tidwell, jirani wa ng'ambo ya uzio, alikuja kutazama banda langu. Akasema kuku wangu ni wazuri mno, hajapata kuona kama hawa. Wazuri mno! Sisi kitu kikitupendeza kupita kiasi tunasema si kibaya. Anayesema "wazuri mno" ana lake jambo. Lamar katoka Alabama, kule kusini. Amekaa hapa miaka kumi na moja tu, bado hatujamjua.

Jumanne, 30 Julai

Nimesoma kwamba kuku anayeatamia tumbo lake linachemka, na dawa ni kulipoza. Nikachukua mfuko wa njegere kutoka kwenye friza, nikauteleza chini ya Gladys. Baada ya saa moja nikarudi. Alikuwa ameuvuta vizuri katikati ya kiota na anaugeuza kwa mdomo, taratibu, upande huu na upande ule. Njegere zimelainika. Nimezirudisha kwenye friza. Marlys hahitaji kujua.

Jioni Lamar akaniita kwenye uzio. Akasema ameona ninavyohangaika. Ameona! Kwa hiyo anatazama. Ana kizimba ambacho chini ni waya mtupu. Unakiinua juu ya matofali, unamtia kuku ndani, upepo unampiga tumboni, siku tatu kashasahau habari za kuatamia. Alikuwa nacho mkononi tayari.

"Jirani, chukua tu," akasema. "Mimi kinanikalia bure."

Nikakataa, nikasema sitaki kumsumbua. Akasema hakuna usumbufu wowote. Nikakataa tena, nikasema tutafanyafanya tu. Hizo ni mara mbili, kama adabu inavyotaka. Mtoto wa miaka minne hapa kwetu anajua kwamba ya tatu ndiyo unapokea. Nikasimama tayari, mikono nimeshaitanguliza kidogo. Lamar akasema haya basi, akabeba kizimba chake, akakirudisha kwake!

Alihesabu. Aliishia mara mbili kwa makusudi. Marlys anasema nivuke uzio nikakiombe. Nimemwambia mtu haombi kitu alichokwisha kukikataa, tutaonekana watu wa namna gani? Marlys akasema tutaonekana watu wenye kizimba.

Alhamisi, 1 Agosti

Mayai manne tangu Jumatatu. Rangi moja, umbo moja. Nimeyapanga mezani nikayatazama mpaka chai ikapoa.

Lakini kuna jambo. Asubuhi nimekuta maboga marefu matatu kwenye kiti cha gari langu. Mtu kafungua mlango wa gari langu, kwenye ua wangu! Marlys anasema ni Agosti, bustani zimefurika, kila gari lisilofungwa linatupiwa maboga, na yeye mwenyewe juzi kamwekea Lamar mawili. Sawa. Lakini mawili yanarudije matatu? Mtu anayepata sababu ya kuingia ua wangu na boga anaweza kutoka na yai.

Kwa hiyo mayai hayakai jikoni. Mlango wa nyuma haufungiki. Gereji haina komeo. Nikafikiri mchana kutwa ni wapi ambapo hakuna binadamu atakayethubutu kutia mkono. Halafu likanijia! Nikaenda bandani, nikayaandika namba kwa penseli, moja mpaka nne, nikayasukuma chini ya Gladys kwa fimbo. Akayapokea moja moja kwa mdomo, akayavuta, akajifunika juu yake, akatoa sauti laini ambayo sijamsikia nayo mwezi mzima. Ukaidi wake wote sasa unanifanyia kazi mimi. Nimefurahi kupita kiasi.

Ijumaa, 2 Agosti

Dolores anaumwa. Kulipopambazuka nimesikia anakohoa, kikohozi kirefu cha ajabu, kinaanza chini halafu kinapanda kinakatika. Nimempa maji ya uvuguvugu na asali. Akanywa, akakohoa tena kwa nguvu zaidi.

Lamar akachungulia uzioni. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayeleta habari za msiba, kwamba Dolores si mwanamke. Nilimjibu kwamba boksi la dukani liliandikwa majike, na Dolores ni mchelewaji tu. Lamar akautazama mkia wa Dolores, ambao kweli umekuwa mrefu kidogo, akarudi kwake.

Kashfa, wiki ya maonyesho! Najua anakotaka kufika. Mji wetu hauruhusu majogoo. Akilipeleka neno hilo ofisini, atakuja mtu kunipekua banda, na akipekua ataona mayai. Nimemsogeza Dolores akae ndani kabisa pamoja na wenzake. Hana shida nao. Anawapenda mno, kila saa yumo mgongoni kwa mmoja wao.

Jumapili, 4 Agosti

Chakula cha pamoja baada ya ibada. Marlys kapeleka bakuli lake la kuoka, nyama ya kusaga, tambi na njegere. Nilizitambua zile njegere. Nikala saladi.

Lamar alijipakulia mara mbili, akasema hajala chakula kitamu hivyo tangu azaliwe. Wengine walisema si kibaya. Nilimkazia macho muda wote. Halafu akaketi karibu nami akauliza mayai ya maonyesho nayaweka wapi. Hivi hivi tu, akitafuna! Nikasema pahali salama. Akasema ni vizuri pawe pa baridi, hasa kama Dolores ni kama anavyodhani. Nikacheka moyoni. Anataka niyarudishe jikoni, karibu na mlango usiofungika. Sikuzaliwa jana.

Yamefika tisa. Yote kwa Gladys.

Jumatano, 7 Agosti

Kumi na mawili!

Irene, kuku wa tatu sasa, naye kaanza kuatamia leo, lakini yangu yametimia, na aatamie tu. Nilivaa glavu za kuchomelea vyuma nikamwinua Gladys. Akapiga kelele hadi Lamar akatoka nje na sabuni ya kunyolea usoni. Mayai yana joto, yanang'aa, kana kwamba yamepakwa mafuta. Nimezifuta namba kwa kitambaa kikavu. Gladys amebaki anatafuta kwenye maranda. Nilimhurumia, nikiri. Nimemwambia nitamletea utepe autazame.

Marlys anauliza kama niko sawa. Sijawahi kuwa sawa hivi. Kesho nitapita katikati ya banda la maonyesho, na wale walionisikia ukumbini kanisani wakacheka watanipisha.

Alhamisi, 8 Agosti

Ninaandika nikiwa ndani ya gari. Sijui nianzie wapi.

Mwamuzi alikuwa mama mmoja, Ardis Vollmer, kutoka kaunti ya jirani ili asiwe ndugu wa mtu. Alipita meza kwa meza na taa yake ndogo, anachukua yai moja kila sahani, anamulika. Mimi nilikuwa natafuta sahani ya Lamar. Sikuiona. Nikaona kaificha chini ya jina la mtu mwingine, nikawa nasoma kadi zote mara ya pili alipofika kwangu.

Akamulika yai. Akasimama. Akamulika tena. Akamwita mwenzake wa meza ya jemu, naye akatazama, wakanong'onezana. Nikajua ni hilo! Hawajaona yai kama hili. Nikaweka sawa ukosi wa shati.

Akaniuliza, kwa adabu sana, kama nina jogoo. Nikasema sina, mji hauruhusu. Akanipa taa.

"Bwana Tveit," akasema, "hebu tazama mwenyewe."

Ndani kulikuwa na mishipa myekundu imetanda kama utando wa buibui, na katikati kadoa kanadunda. Kanadunda! Watu wakapanga foleni kutazama. Mchungaji alitazama mara mbili. Meza ya mayai haijapata kujaa watu namna ile tangu maonyesho yaanze. Kadi yangu imeandikwa: Rangi, bora. Ganda, bora. Ndani, kuna mtu.

Sikupata utepe wa rangi yoyote, hata ule mwekundu. Masikio yaliniwaka moto kwa aibu, nikatoka kupitia zizi la nguruwe nisionane na yeyote.

Lamar akanifuata hadi garini, akaketi kiti cha pili. Kifuani alikuwa na utepe wa buluu, wa achari ya bamia. Nikamuuliza mayai yake aliyaweka sahani ipi. Akashangaa. Akasema hajawahi kushindanisha yai maishani mwake, yeye kila mwaka ni bamia. Alikuwa na bilauri mbili za sharubati ya ndimu, akanipa moja. Nikakataa. Akasisitiza. Nikakataa. Akazinywa zote.

Ijumaa, 9 Agosti

Marlys kanikalisha jikoni. Kavuta kiti chake akanikabili, na akivuta kiti namna ile huwa hakuna pa kutokea.

"Arlen," akasema, "uliweka mayai chini ya kuku anayeatamia, ukamwachia wiki nzima, na jogoo unaye. Ulitegemea yatakuwa nini?"

Nikasema jogoo sina. Dolores alikuwa juu ya ngazi ya nyuma, shingo juu, anawika mji mzima unamsikia. Hata mimi nilisikia kwamba hakikuwa kikohozi.

Anakwenda shambani kwa binamu ya Marlys. Lamar akaja na kizimba chake, akajitolea kumpeleka, na Marlys akasema ndiyo, asante, mara ya kwanza tu, bila kuona haya. Nilitazama pembeni. Mayai kumi na moja ambayo mwamuzi hakuyagusa, na lile alilomulika, Marlys kaniamuru niyarudishe yalikotoka. Gladys alinidonoa mara tatu, halafu akayapokea yote.

Jumatano, 28 Agosti

Vifaranga saba! Wa mwisho katoka leo asubuhi. Gladys kanyanyuka mwenyewe bila njegere wala kizimba, anazunguka ua mzima anawaita, mbawa kazining'iniza, na paka wa kwa mchungaji kakimbilia juu ya paa la gereji. Nilisimama pale nikamtazama hadi macho yakanilowa. Lamar akaegemea uzio akasema ni wazuri mno. Safari hii sikumjibu vibaya. Nilisema si wabaya.

Leo nimekaa na nafsi yangu kwa uaminifu, nikayapima yote tangu mwanzo. Marlys alisema kweli. Nilikosea, na mtu mzima akikosea anakiri. Mayai yote kuyaweka chini ya kuku mmoja! Hata mtu ambaye hashindanishi mayai angegundua yaliko, achilia mbali mtu anayejifanya hashindanishi. Mwakani nitayagawa, sita kwa Gladys na sita kwa Bernice, na Lamar atuoneshe atawavizia kuku wawili kwa mpigo namna gani.