Buick Isiyotaka Kusimama

Jumatatu, 9 Juni
Leo nimesimama kwenye makutano ya benki. Yaani, nimesimama baada ya makutano, mbele ya duka la kinyozi. Pedali ya breki ilizama karibu igonge sakafu, ndipo Buick ikakumbuka kazi yake. Mchungaji wetu alikuwa anavuka. Aliruka vizuri sana kwa umri wake.

Ubaya ni kwamba Jumamosi ni Tamasha la Rubabu, ile mboga chachu tunayopikia pai. Miaka kumi na moja nimekula moshi wa Ford ya Delbert Krueger, na mwaka huu kamati imenichagua mimi kuongoza gwaride la magari ya zamani. Mimi, Verlyn Haugen! Na Buick yangu ya 1963! Lakini Ijumaa kuna jaribio la breki kwenye uwanja wa kanisa. Asiyesimama kabla ya mstari haongozi kitu, na nafasi inarudi kwa Delbert. Heri nife.

Mke wangu Marlys anasema kosa ni langu. Eti nilipobadilisha breki majira ya baridi, nilifungua magurudumu yote manne kwa mpigo na kumwaga vyuma vyote mezani, badala ya kufanya upande mmoja huku upande wa pili ukinionyesha kitu gani kinakaa wapi. Marlys hajui kasi ya fundi. Tena vyuma vyote viliingia! Havikubaki hata kimoja!

Jumanne, 10 Juni
Nimegundua. Ni hewa kwenye mabomba ya breki. Nimeingia chini ya gari, Marlys akakaa kwenye usukani. Nikipiga kelele akanyage, anakanyaga. Nikisema aachie, anaachia. Kumbe ana kitabu mapajani! Alifika mahali patamu akaachia kabla sijasema. Mafuta ya breki yameniingia sikioni.

Pedali vilevile. Marlys akauliza kwa nini nisimwone Delbert, fundi aliyetengeneza breki miaka arobaini kabla ya kustaafu. Sikumjibu. Sikio lilikuwa limejaa.

Jumatano, 11 Juni
Werevu ni kipaji. Nimekwenda mgahawani saa ya kahawa na kumuuliza Delbert kwa niaba ya binamu yangu wa Iowa, mwenye Buick ya 1963, rangi ya krimu, breki dhaifu. Delbert akakoroga kahawa yake. Akasema magari ya aina hiyo yana skrubu yenye meno ndani ya kila gurudumu. Ukirudi rivasi na kukanyaga breki, skrubu inajizungusha na kukaza breki yenyewe. Binamu arudi rivasi, akanyage, mara kumi hivi.

Kisha akasema, "Binamu yako akitaka, nitampitia nimtazamie."

Nikasema hapana, asijisumbue. Akasema si usumbufu. Nikasema hapana, ana shughuli zake. Sasa, hapa Wisconsin msaada haukubaliwi mara ya kwanza, huo ni uroho. Mara ya pili pia unakataa. Ya tatu ndiyo unasema haya basi, kama hutachoka. Nikangoja ya tatu. Nikanywa vikombe viwili vizima nikingoja. Delbert akavaa kofia, akasema nimsalimie binamu, akaenda zake! Mtu hana adabu.

Alhamisi, 12 Juni
Rivasi! Nimerudi nyuma na kukanyaga mara kumi. Pedali ikawa mbaya kuliko jana. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nikaelewa kwamba kumi hazitoshi.

Nimekwenda rivasi mpaka kiwanda cha jibini, maili tatu, nikikanyaga kila nguzo ya simu. Ng'ombe wa akina Tollefson walikuja uzioni kutazama. Polisi alinisimamisha, au tuseme alitembea kando yangu mpaka nikasimama, akauliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia natengeneza breki. Akaandika kwenye daftari lake kwa muda mrefu.

Jioni pedali inalala sakafuni kama paka. Mara mia na arobaini! Hakika breki zimekaza mpaka zimechoka. Zikipumzika zitaamka.

Ijumaa, 13 Juni
Hazikuamka.

Mpango ulikuwa mzuri. Naja polepole, na Marlys anavuta hendibreki kwa siri. Marlys alikataa, akashuka getini, akasema atatazama kutoka hapo. Basi nikaja peke yangu. Uwanja wa kanisa una mteremko. Nilikuwa sijautambua kwa miaka thelathini.

Nikavuka mstari. Nikapitia madumu ya maji waliyoyapanga nyuma ya mstari. Nikaona meza ya akina mama, na akina mama wakikimbia. Pai za rubabu kumi na sita! Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Pai husimamisha gari vizuri kuliko mtu anavyodhani.

Bernice, mwenyekiti wa kamati, alitazama meza, akanitazama mimi, akasema, "Haya. Hiyo ni namna yake." Kwa Bernice hilo ni tusi. Nilitamani ardhi inimeze.

Delbert akaja akiwa na jeki tayari. Akasema atanitazamia. Nikasema hapana, asijisumbue. Akasema si usumbufu. Nikafungua mdomo, na Marlys akapaaza sauti ya uwanja mzima, "Amekubali, Delbert! Na mwaka huu amekubali mara zote tatu!"

Delbert akafungua gurudumu la kushoto, kisha la kulia. Akaniita nione. Skrubu za kushoto nimeziweka kulia, za kulia kushoto. Akanieleza taratibu, kama mtu anayetoa habari za msiba, kwamba zikikaa hivyo rivasi haikazi breki. Inazilegeza.

"Kwa hiyo kila ulipokanyaga, bwana wee, ulikuwa unazifungua."

Mara mia na arobaini. Marlys alilazimika kukaa chini kwenye nyasi, kwa kicheko.

Saa mbili baadaye Buick ikasimama mkono mmoja kabla ya mstari. Bernice akakubali gari liongoze. Gari. Dereva awe Marlys.

Jumamosi, 14 Juni
Tumeongoza! Marlys usukanini, mimi kiti cha nyuma, nikipungia watu mikono yote miwili. Aliposimama mbele ya jukwaa, laini kama siagi, watu walipiga makofi wamesimama. Machozi yalinitoka, sifichi. Nikainama kupokea heshima zangu.

Jumapili, 15 Juni
Delbert amekataa malipo kabisa. Moyo wangu mzito. Mtu mwema kiasi hiki! Jana Ford yake ilikuwa nyuma yetu, na nilisikia breki zake zikilia. Maskini, anatengenezea wengine, yake haina mtu.

Amekwenda kwa bintiye mpaka Alhamisi. Gereji yake haifungwi. Marlys anajua nimekwenda kuvua samaki. Delbert akirudi atakuta nimemtengenezea breki zake, vizuri kama nilivyotengeneza zangu.