Miwani ya Kumwonea Trauti

Jumatatu, 3 Juni

Mvua asubuhi, jua mchana. Norris, mlinzi wa mto wetu, nimemkuta darajani akikata nyasi. Amenipa habari bila hata kuzima mashine, ikabidi arudie mara mbili. Jumamosi kamati itatembea nami kando ya mto. Mwaka wangu wa majaribio kwenye klabu ya uvuvi umekwisha. Nikifaulu, mimi ni mwanachama mpaka kufa. Nikishindwa, nje.

Sheria ya klabu ni moja tu. Mtu harushi ndoano mpaka amwone samaki kwa macho yake na kusema amelala wapi. Kurusha kipofu ni aibu kuliko kulewa kanisani. (Kuna aliyelewa kanisani. Bado ni mwanachama. Anasoma somo la kwanza kila Pasaka.)

Kuna shida ndogo. Mwaka mzima sijamwona samaki hata mmoja. Naona mawingu. Naona mierebi imepinduka kichwa chini. Naona uso wangu. Norris akienda kunywa chai, narusha kipofu.

Nikitolewa, anayefuata kwenye foleni ni jirani yangu Roderick Tarrant, daktari wa meno mstaafu. Amesubiri miaka tisa. Jioni amenisalimia juu ya ua unaotutenganisha, kwa upole kupita kiasi. Kisha akasema, kama mtu asiyejali, kwamba leo kanunua buti ndefu za mpira.

Hatuna mafuriko.

Jumanne, 4 Juni

Mjini, duka la vifaa vya uvuvi. Norris alikuwa amesema tatizo langu ni miwani, si macho. Nimeamua kumwamini, kwa kuwa miwani inanunulika.

Muuzaji ni binti anayeitwa Bryony. Anaongea sana. Akasema miwani ya jua ya kawaida inatia giza tu. Mng'ao unabaki palepale. Ninayoihitaji ni yenye lenzi za polaraizi, zinazokata ule mwako unaoruka juu ya maji, mtu akaona mpaka chini. Rangi ya shaba ndiyo ya mto mdogo wenye vivuli kama wetu. Njano ni ya siku za mawingu. Kijivu kilichokolea ni cha bahari kuu, jua la utosi. Akanifundisha na jinsi ya kuipima: ivae, tazama simu yako, laza kichwa begani. Simu ikizama gizani, miwani ni ya kweli. Isipozama, umeuziwa vipande vya chupa.

Nilisikiliza. Kiasi. Nikauliza ipi ni nyeusi kuliko zote.

Akauliza kama naenda baharini. Nikajibu kwamba mtu hajui. Nikachagua ya kijivu yenye kioo cha buluu kwa nje. Ukinitazama hunioni mimi, unajiona wewe. Hiyo ndiyo heshima.

Binti akataka kujua miwani yangu ya macho nitaiweka wapi. Kunitengenezea lenzi za macho yangu kungechukua wiki mbili. Ila ana vioo vya shaba vya kubana: unavishikiza juu ya miwani yako, na ukichoka unavifunua juu kama kope. Bei yake chai na keki. Nikamjibu kwa adabu kwamba mimi si mtalii.

Nitavaa moja juu ya nyingine. Mke wangu Glenys amenitazama sebuleni na kuuliza naanza lini kazi ya kuchomelea vyuma.

Jumatano, 5 Juni

Mawingu mazito. Nimekwenda mtoni na miwani mbili. Chini ya miti palikuwa giza kama ndani ya soksi. Vioo vikapata ukungu. Nimeongea na Norris kwa muda mrefu kuhusu hali ya maji. Alikuwa nguzo ya lango. Nimeingia kwenye upupu hadi kiunoni.

Samaki: hakuna. Ng'ombe: mmoja, na ndiye aliyeniona.

Narudi nyumbani nikijikuna, Roderick ananisubiri kwenye ua. Anataka ushauri. Naye anafikiria kununua miwani ya mtoni, ikitokea bahati, anasema, siku moja. Sisi wenye uzoefu tunatumia rangi gani?

Nimefikiri haraka. Nikamwambia njano. Rangi mbaya kuliko zote dukani. Mtu anafanana na chura mwenye homa. Nikamwambia wanaojua wote wanavaa njano, ila hawasemi. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema jirani, mwingine asingeniambia.

Jioni mke wake ametuletea jamu ya stroberi, ya shukrani. Kijiko cha kwanza dhamiri ilinisuta. Kijiko cha tatu ilikuwa imenyamaza.

Alhamisi, 6 Juni

Nimerudisha ile ya kijivu. Bryony amekataa kuipokea. Imechubuka. Akauliza niliifuta na nini. Na shati. Shati lilikuwa na nini? Mchanga. Akashusha pumzi kama mama wa watoto wengi.

Nikanunua vile vioo vya kubana. Nikamwambia ni vya binamu yangu. Akasema binamu yako ana akili.

Lakini siwezi kutokea mbele ya kamati na kope za plastiki zikipepea. Ndipo likanijia wazo. Nivikate, nivibandike kwa gundi kwenye miwani yangu ya macho, kwa ndani. Nani atajua?

Kazi imechukua mchana wote kwenye meza ya jikoni. Vile vioo ni vipana na vifupi. Fremu yangu ni ya kizamani, nyembamba, ndefu kwenda chini. Havikuingia. Nikavilaza ubavu. Vikaingia barabara, kama droo. Ukingo kidogo nikapiga tupa. Gundi.

Nikavipima kwa simu kama nilivyofundishwa. Ajabu! Simu imezama gizani kabla hata sijakilaza kichwa. Za binti yule zinahitaji mtu apinde shingo. Zangu hazihitaji. Nimeziboresha.

Glenys ameuliza mkasi wake wa kushonea uko wapi. Nikamwambia wanawake hawaelewi sayansi. Chakula cha jioni: mkate.

Ijumaa, 7 Juni

Jua kali. Mazoezi ya mwisho.

Mto wote uling'aa kama paa la bati jipya. Sijawahi kuona mng'ao kama ule, hata enzi zile sina miwani. Nikadhani macho bado yanazoea. Yakakataa kuzoea. Nimekaa ukingoni tangu kifungua kinywa na sandwichi yangu ya jibini na kachumbari, nikikodolea bati.

Kisha inzi mkubwa wa ng'ombe akaniuma sikio. Nikalibana sikio begani nimponde.

Na mto ukafunguka!

Nasema kweli. Changarawe. Majani yakicheza chini. Na katikati yake samaki, trauti wa urefu wa mkono wangu, anapepea mkia taratibu kana kwamba amelipa kodi ya pale. Nikasimama wima: bati. Nikalaza kichwa: trauti. Wima, bati. Begani, trauti. Nimerudia mpaka shingo ikalia.

Hitimisho: siri ni shingo. Mwaka mzima nimekuwa nikisimama kama bendera. Nashangaa klabu haikunieleza. Labda ndicho wanachopima.

Jumamosi, 8 Juni

Siku yenyewe. Niandike yote kwa utaratibu.

Saa nne asubuhi, jua. Bibi Strickland, mwenyekiti, fimbo mkononi, kofia ya manyoya ya kware kichwani. Norris nyuma yake. Na Roderick! Alikuja kutazama tu, alisema, na kunitakia heri. Buti mpya. Miwani ya njano. Chura kamili. Nikajisikia vizuri.

Tukafika kwenye mwerebi mkubwa. Bibi Strickland akasema haya, Bwana Pilbrow, tuonyeshe. Nikalaza kichwa begani.

Kisha nikamsikia akimnong'oneza Norris kama huyu hajapatwa na kiharusi. Norris akasema hana hakika. Wakaniomba nitabasamu. Nikatabasamu. Wakaniomba niinue mikono yote miwili. Nikainua. Wakaniomba nitaje jina la mfalme. Nikalitaja. Wakaridhika, ila Norris akabaki kwa karibu.

Ndipo nikatangaza, kwa sauti ya mtu aliyezoea: trauti, chini ya mzizi wa mwerebi, anatazama juu mto unakotoka, mkia unagusa kivuli. Norris akachuchumaa, akaangalia. Akasema yupo. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe hakuwa amemwona. Bibi Strickland akaitikia kwa kichwa. Roderick akanipigia makofi, mnafiki, ingawa alionekana kufurahi kweli.

Nilikuwa mwanachama. Kilichobaki ni kurusha.

Lazima nieleze jambo ambalo mtu halijui mpaka limpate. Kichwa kikilala begani, juu si juu tena. Juu iko pembeni. Fimbo yangu ya kuvulia nikaizungusha juu, yaani pembeni, yaani huko alikosimama Bibi Strickland. Kamba ikapita vizuri sana, mlio safi. Ilirudi na kofia.

Kofia ikatua juu ya trauti. Trauti akahama.

Bibi Strickland hakupandisha sauti. Alisema ile ni kofia ya marehemu mama yake, na kwamba mama yake alivuka nayo vita. Kisha akasema nitapewa nafasi ya pili, kwa haki, lakini safari hii nisimame kama binadamu.

Nikasimama wima. Bati tupu. Wote wananitazama. Mto unang'aa mpaka machozi yananitoka. Mbele kidogo nikaona kitu cheusi majini, kikubwa, kinaelea polepole. Nikakinyooshea kidole kwa uhakika. Nikasema yule pale, jike, mzito.

Ilikuwa kofia.

Wakati Norris anaiopoa, wingu likafunika jua. Na hapo ndipo uovu ulipotendeka. Bibi Strickland, akikamua manyoya ya kware, akamgeukia Roderick. Maadamu yupo, akasema, na maadamu Bwana Pilbrow amemaliza, yeye anaona nini?

Roderick akatazama kwa ile miwani ya njano. Akawaonyesha trauti wawili kwenye kina, mmoja kwenye majani, mmoja mdogo kando ya jiwe. Kwa yule mkubwa akasita. Akasema taya la chini la huyu halikai sawa, angependa kulitazama kwa karibu. Norris akamshika kwa wavu. Taya halikukaa sawa.

Wamempa nafasi yangu papo hapo. Mimi nimewekwa mwisho wa foleni, ambako, kwa heshima, wamesema daima pana nafasi.

Roderick alinifuata njiani. Akanishika tena mikono. Akasema bila ushauri wangu wa njano asingeona chochote, mawingu yale. Akasema hatasahau.

Nami sitasahau.

Jumapili, 9 Juni

Shingo imekataa kurudi. Nimekwenda kanisani nikiwa nimeinama upande wa kulia. Mchungaji amedhani nasali kwa bidii.

Baada ya chakula Roderick amebisha hodi. Amesema mwanachama anaruhusiwa kuleta mgeni mmoja, na mgeni wake wa kwanza ni mimi, Jumatano. Yeye ataandaa sandwichi. Glenys akakubali kwa niaba yangu kabla sijapata neno la kukataa.

Kisha Roderick akaomba kuiona miwani. Akaivaa. Akatazama kidimbwi cha bustani yetu, wima. Akalaza kichwa. Akasimama wima tena. Akacheka, akajizuia, akakohoa. Akasema jirani, vioo umevilaza ubavu. Lenzi hizi zina juu yake na upande wake; zikikaa sawa zinakata mng'ao, zikilala zinaukaribisha ndani na kuuwekea kiti. Geuza kila kioo robo tu ya duara, akasema, na utaona samaki ukiwa umesimama kama mtu mwingine yeyote. Akajitolea kuifanya mwenyewe. Ana vifaa vidogo vidogo vilivyobaki tangu siku za meno.

Nimemshukuru. Nikamsindikiza mpaka lango. Nikakaa kufikiri.

Tuangalie mambo yalivyo. Mtu aliyechukua nafasi yangu anakuja nyumbani kwangu, siku ya pili, kuniambia niibomoe miwani niliyoiunda kwa mikono yangu, miwani pekee iliyowahi kunionyesha samaki. Anataka nini? Si kazi ngumu kukisia. Anaogopa Jumatano.

Hata hivyo mimi si mkaidi. Nikabandua vioo kwa kisu cha siagi na kujaribu ushauri wake. Robo duara: haviingii kwenye fremu. Haviingii kabisa! Ushahidi huo. Ingekuwa robo ndiyo sahihi, vingeingia. Nikaendelea kugeuza, nusu nzima, upande wa juu ukawa chini na wa chini ukawa juu. Vikaingia kama droo. Basi alikuwa karibu na ukweli, ila alinipa nusu yake. Nimeweka gundi mpya, safari hii nyingi, ya aina isiyobanduka.

Nimetoka kuijaribu. Nimesimama wima mbele ya kidimbwi, kadiri shingo inavyoruhusu. Kimeng'aa mpaka nikafumba macho. Sijawahi kuona maji yanang'aa vile.

Miwani safi. Jumatano atajua.