Shuka la Ushahidi

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika tangu alfajiri. Lori limeshusha saruji nyuma ya ukuta wangu, upepo ukavuma, na mashuka meupe ya nyumba ya wageni yakageuka rangi ya majivu. Yote! Nikafua upya, nikaanika. Vumbi tena! Mimi ni dobi, si mwendawazimu.

Mchana kapita mwenye nyumba ya wageni. Kashika shuka kwa vidole viwili, akasema akiona vumbi tena atayapeleka kwa wale wanaofua kwa mashine. Huyo akiondoka nimekwisha. Wateja wengine wananiletea soksi.

Ghorofa sita, eti! Hapa petu! Nikamwendea msimamizi wa ujenzi. Kanitazama chini ya kofia yake ngumu ya njano, akaniambia vumbi halina mwenyewe. Halina mwenyewe! Ngoja. Atanitambua.

Jumanne, 4 Machi

Mkutano wa wakazi. Wazo langu, uani kwangu, viti vyangu. Fundi viatu kalalamikia ukuta wake uliopasuka. Mama pacha kalalamikia kelele, wanawe wanaamshwa alfajiri. Ikafika kuchagua mwenyekiti. Nikakohoa. Nikakohoa tena, kwa nguvu.

Wakamchagua shemeji! Dada wa mke wangu, msusi, aliyechelewa kuja akakalia ndoo. Eti anajua kuongea na watu. Kumsuka mtu huku unamsengenya jirani yake, ndiko kuongea? Nikapiga makofi shingo upande. Mimi nimepewa kazi ya kupanga viti.

Na anataka nini huyo mwenyekiti? Wafunge maturubai, wamwagie vumbi maji, kazi ianze saa mbili asubuhi. Kuomba-omba tu! Mimi nataka lile jengo lisimame, lipigwe kufuli, lioteshe nyasi.

Jumatano, 5 Machi

Akili imenijia! Afisa wa mji anakuja Ijumaa kusikiliza malalamiko yetu. Maneno matupu hayavunji mfupa, kwa hiyo nimeanika shuka moja pale ukutani, na siligusi mpaka aje alione. Shuka la ushahidi! Sijamwambia mtu. Hata mke wangu, kwa sababu dada yake ni msusi, na siri ikishafika kwa msusi imetangazwa. Kaniuliza mbona natazama shuka na kucheka peke yangu. Nikamwambia nina furaha. Hakuamini.

Alhamisi, 6 Machi

Limependeza mno! Kijivu juu, jeusi chini, na kunguru kaongeza lake katikati. Nusura nilibusu.

Ijumaa, 7 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Afisa kaja, mtaa mzima nyuma yake. Shemeji kaanza habari za maturubai. Nikamkatiza. Nikawaongoza uani kwa mbwembwe, nikatangaza kwamba sasa watauona uovu kwa macho yao, nikanyoosha kidole.

Kamba tupu!

Shuka liko mezani. Limefuliwa, limetiwa wanga, limepigwa pasi, limekunjwa. Jeupe pe! Mke wangu aliamka mapema akaona haya: mke wa dobi apokee wakubwa na uchafu kambani? Afisa akalipapasa, akasema hajapata kuona weupe wa namna ile, akauliza kama nafua na suti. Msimamizi kacheka mpaka kofia ikamdondoka. Fundi viatu naye kacheka. Msaliti!

Damu ikanichemka. Nikapaza sauti kwamba jengo lile limemega ardhi yetu, na nadai mpaka upimwe, mbele ya watu wote! Shemeji akanivuta shati, akanisihi ninyamaze. Nikamwambia hana uchungu na mtaa huu. Afisa akasema ombi langu limekubaliwa. Limekubaliwa! Nani mwenyekiti sasa?

Jumamosi, 8 Machi

Wapimaji wamekuja. Nikawapa viti. Wakalitafuta jiwe la mpaka huku na huku, hawalioni. Mwishowe wamelipata.

Liko chini ya sakafu yangu ya kufulia.

Kumbe marehemu baba, alipoijenga, alijikarimu kiwanja cha jirani. Sakafu, nguzo, kamba zote ziko kwa watu, na zinavunjwa kesho kutwa. Msimamizi kanieleza kwa upole, na upole wake ndio uliniuma zaidi. Kasema wao hawakuwa na habari kabisa, ila kwa kuwa nimedai mwenyewe, mbele ya afisa, hawana budi.

Mke wangu hakunigombeza. Kakaa juu ya sakafu ile, akauliza tutaanika wapi. Nikatoka nje, nikalipiga teke rundo la kokoto. Kidole kimevimba. Fundi viatu akapita, akanikumbusha kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe.

Na shemeji je? Kapewa yote aliyoomba. Maturubai, maji, saa mbili. Mtaa hauna vumbi hata chembe, na mimi sina pa kuanika!

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi wamevunja. Sakafu ya baba imekwenda kwa nyundo tatu. Nimetazama, nimelia kidogo, kwa hasira tu.

Shemeji katupa ua wake tuanike humo. Sharti moja: nisifungue mdomo. Nimekubali. Mwenye nyumba ya wageni kaja, kakagua, kaguna, kaacha mzigo mpya. Mke wangu katabasamu mara ya kwanza tangu Jumamosi. Mambo yangeishia hapo.

Lakini! Nyuma ya ua huu yuko mwokaji mikate. Alasiri kawasha tanuri lake, moshi ukaja moja kwa moja kwenye mashuka yangu. Moja kwa moja! Nikamwita, akaniambia moshi haushikiki. Haushikiki! Ngoja.

Nimeshampelekea afisa ombi, na amelikubali. Wapimaji wanakuja Alhamisi. Nimewaambia wasibakize kitu, wapime ukuta wote, kuanzia huku kwa shemeji. Safari hii nina hakika.