Kesi ya Hayamaru, Baba wa Toshi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Baba mkwe amefika kutoka Bujora. Mzee Mashimba. Amekuja na jogoo, fimbo na begi dogo, nikafurahi kwamba hatakaa sana. Kisha akatundika koti lake msumarini, kwenye msumari wangu.

Mke wangu Evelina anajifungua wakati wowote. Mzee amesema, kwa upole kabisa, kwamba mtoto akizaliwa atamchukua yeye na mama yake waende Bujora, wakae huko mpaka mimi nitakapojifunza kukaa nyumbani. Ana habari zangu. Natafsiri filamu katika kibanda cha video cha Mwanabaraka hapa Nyakato, kuanzia mchana mpaka watu wachoke. Kijapani sijui. Maandishi ya Kiingereza chini ya picha nayajua, yakipita taratibu.

Ana habari za jina pia. Evelina amemwambia kwamba mtoto akiwa wa kiume nataka aitwe Hayamaru, kama shujaa wa katuni ya Kijapani inayotujazia kibanda. Mzee akauliza huyo ni Mhaya wa wapi, Muleba au Karagwe. Nikamweleza ni Mjapani, ana mkono wa chuma, hajawahi kupigwa akabaki chini. Akauliza ana watoto. Nikasema mmoja, Toshi. Akauliza anamlea vipi.

Nikamjibu, "Baba, hakuna mzazi kama yule."

Ukweli ni kwamba Hayamaru alimwacha Toshi mlimani kwa bibi mmoja kipofu, akaenda kutafuta watu wa kupigana nao. Mpaka leo hajarudi.

Mzee amesema kesho anakuja kibandani amwone kwa macho yake. Akimkuta ni baba mzuri, jina atalikubali na habari ya Bujora tutaizungumza upya. Akimkuta hafai, atakuwa amejua mkwe wake anaiga nani.

Sina wasiwasi. Kipaza sauti ni changu. Hayamaru atasema ninachotaka.

Jumanne, 5 Agosti

Mzee alikaa benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti, kama yuko baraza la kata.

Tukaanza na kipande kile Hayamaru anaruka bonde, Toshi amebaki ukingoni analia. Nikashika kipaza sauti, nikasema, "Mwanangu, natoka kidogo, naenda kukutafutia viatu vya shule." Mzee akatikisa kichwa kukubali. Nikajiona fundi.

Tatizo ni kwamba baada ya hapo Hayamaru anapigana na jitu lenye pembe mpaka jioni. Nikasema hilo jitu ndilo lenye duka, limegoma kupunguza bei. Vijana wa nyuma wakacheka. Mji mzima ukaungua. Mzee akanigeukia, akauliza kwa sauti ya kusikika kama kweli hapakuwa na duka lingine.

Nikasema ilikuwa sikukuu, mengine yamefungwa.

Nyumbani Evelina alicheka mpaka akashika kiuno. Nilidhani ni uchungu umeanza. Alikuwa ananicheka mimi.

Jumatano, 6 Agosti

Leo amekuja Chenge. Anatafsiri filamu kibanda cha jirani. Amefika kidato cha sita na hajawahi kuruhusu mtu asahau. Alisikia habari za viatu.

Ilikuwa kipande cha Toshi mgonjwa, ndege anapeleka barua kwa Hayamaru. Hayamaru anaisoma, anaikunja, anaendelea kunoa upanga. Nikasema kwa uchungu mkubwa, "Nanoa panga hili nikakate dawa porini." Chenge akasimama. Akasema samahani, maandishi yanasema hivi: mwambieni mtoto akipona awe na nguvu, mimi sina muda.

Kibanda kikachafuka. Gladness, anayekaanga mihogo mlangoni, aliingia na kijiko chake. Ana watoto wanne na hajawahi kutazama katuni. Akataka aelezwe kesi tangu mwanzo. Akaelezwa. Akasema mwanaume wa hivyo anamfahamu, isipokuwa wake hana mkono wa chuma.

Njiani kurudi nyumbani mzee aliniuliza swali moja tu, kwamba yule bibi kipofu analipwa na nani. Nikasema Hayamaru anatuma kila mwisho wa mwezi. Akaguna.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango mpya. Kesho ni Nane Nane, watu hawaendi kazini, kibanda kitafurika. Shida si Hayamaru. Shida ni maandishi. Nitachukua kitenge cha Evelina nikifunge chini ya skrini, kifunike maneno yote. Chenge atabaki na Kijapani kama sisi wengine.

Nimemweleza Mwanabaraka kwamba kitenge ni pambo la sikukuu. Akasema sawa, ila yeye hataki fujo kwenye kibanda chake.

Kuomba kitenge kulikuwa kugumu zaidi. Evelina aliuliza cha nini. Nikasema cha mambo ya baba yake. Si uongo. Akanipa, halafu akasema kesho nisizime simu. Nikaapa sitazima.

Jumamosi, 9 Agosti

Jana sikuandika. Naandika leo, nimekaa kwenye ngazi za kituo cha afya, jua linanipiga utosini na wala silioni.

Kibanda kilifurika kweli. Akina mama walioletwa na Gladness walijaza upande mzima. Chenge alifika, akaona kitenge, akainama kutafuta maneno chini yake, akakosa. Nikaanza kazi. Hayamaru aliuliza habari za shule. Hayamaru aliomba radhi kwa kuchelewa. Hata Gladness alilegea kidogo.

Tukafika pambano kubwa. Hayamaru amepigwa, yuko chini kwenye matope, adui amesimama juu yake anacheka. Simu ikatetema mfukoni. Evelina. Nikaipokea.

Akasema, "Mume wangu, uchungu umeanza. Niko mlangoni na mkoba. Naogopa."

Sikumbuki nilifikiri nini. Nikasema, "Usiogope, mke wangu. Nakuja. Usitembee peke yako, kaa hapo hapo, shika mlango. Nakuja sasa hivi. Mimi ndiye baba yake, nani mwingine aje?"

Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, mkononi, kidevuni pangu.

Na pale pale kwenye skrini Hayamaru akainuka kwenye matope.

Kibanda kililipuka kwa makofi. Kina mama walisimama. Gladness alikuwa anafuta macho. Mimi sikuwa nawasikia. Nilikiweka kipaza sauti kwenye mapaja ya Chenge, nikaruka mabenchi, nikatoka. Nyuma nilisikia Chenge anakohoa, halafu anaendelea na filamu. Sijui alisema nini.

Nilikimbia na kiatu kimoja, kingine kilibaki kwenye benchi. Evelina alikuwa ameshika mlango kama nilivyomwambia. Nilisimamisha bajaji kwa kusimama mbele yake barabarani. Evelina aliniminya mkono njia nzima mpaka vidole vikafa ganzi. Sikuthubutu kumwambia.

Muuguzi akanifungia mlango usoni. Nikakaa. Baada ya muda mzee Mashimba akafika anahema, kiatu changu kiko mkononi mwake. Akaniwekea miguuni, akakaa ngazi ya chini yangu. Akawa anatazama barabara.

Jua lilipoanza kushuka muuguzi akatoka. Wa kike. Wote wazima.

Nilimwona. Ana uso wa mtu aliyeamshwa bila sababu. Sijui kwa nini nililia.

Jumapili, 10 Agosti

Tumerudi nyumbani. Leo mzee ametoa hukumu. Alivaa koti lake kwanza.

"Yule Hayamaru," akasema, "simpi hata mbuzi achunge. Siku moja atasikia kuna simba mbali, atawaacha mbuzi aende kushindana naye."

Nikasema ndiyo, baba.

"Wewe nawe ni mwongo. Nilijua tangu kwenye viatu."

Nikasema ndiyo, baba. Nikasubiri habari ya Bujora. Evelina alikuwa kitandani anamnyonyesha mtoto, anatusikiliza.

"Lakini juzi uliitwa, ukaacha kazi na watu wote wale, ukakimbia upande wa nyumbani. Yule mwenzako mkono wa chuma anao, njia hiyo haijui." Akaikamata fimbo yake. "Watakaa hapa. Mama yake Evelina atakuja keshokutwa kuwasaidia. Mimi narudi, ng'ombe wananisubiri."

Mtoto ataitwa Tereza, jina la mama yangu. Mzee ndiye aliyelipendekeza. Nilitoka nje kidogo, nikasema naangalia kama mvua inakuja. Agosti hii.

Jumatatu, 11 Agosti

Chenge alipita kumwona mtoto. Alileta sabuni na kitenge kilichofuliwa. Amesema watu wanataka tena lile pambano na lazima ile simu iwepo, naye maneno yale hawezi kuyasema vizuri. Nilimwonea huruma. Kidato cha sita.

Mama mkwe anafika kesho. Amempigia Evelina, akauliza kama mkwe wake anaweza hata kumwogesha mtoto, au ni wa kukaa tu. Evelina alinigeukia. Nikamwambia amjibu kwamba nina uzoefu mkubwa, nimeogesha wadogo zangu wote, kule kwetu walikuwa wananiita kila mtoto akizaliwa.

Mimi ni kitinda mimba.

Lakini sina wasiwasi. Nina mchana mzima na beseni. Nimenunua matikiti maji mawili, ya ukubwa wa Tereza. La kwanza liliniponyoka likapasuka. La pili nimeliogesha vizuri, nimelikausha, nimelifunga kitenge, nimeliweka begani nikalipigapiga mgongoni.

Nadhani limelala.